Zilizala Nyandira

Katika kipupwe cha mwaka 2020 nilifunga safari kutoka Bagamoyo kwenda Nyandira, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kumzuru sahibu yangu mmoja ambaye alipostaafu utumishi alirejea kwa mama yake kulima karoti na kufuga mbuzi wa maziwa. Nasema kwa mama yake kwa makusudi, kwani kwa Waluguru ardhi hufuata kukeni, si kuumeni, na shamba alimalo mtu aghalabu ni la ukoo wa mama aliyemzaa.

Basi lilinishusha Msamvu adhuhuri, na kutoka hapo nikapanda gari dogo lililopita Mzumbe, likaiacha njia ya Iringa penye Sangasanga, likaanza kukwea. Mtu wa pwani aliyezoea nchi iliyolala kama jamvi hana budi kushikwa na kizunguzungu aonapo jinsi watu wa Mgeta walivyolima mahali ambapo hata mbuzi angesita kukanyaga: ngazi juu ya ngazi za kabichi, njegere na viazi, tangu mtoni hata penye mawingu, na watoto wakizishuka mbio na mizigo vichwani kana kwamba hakuna korongo chini yao. Baridi ilikuwa kali, nami nilikuwa nimechukua kanzu mbili tu na koti la mvua.

Siku ya pili ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Agosti, mwezi 22 wa Mfungo Tatu. Sala ya isha ilikuwa imekwisha, mwezi ulikuwa bado kuchomoza, nasi tulikuwa jikoni watu watatu, sahibu yangu, mama yake ambaye kila mtu pale humwita Bibi, na mimi, tukiota moto na kunywa chai ya tangawizi, wakati kitasa cha mlango kilipoanza kugongagonga bila mtu wa kukigusa. Saa yangu ilionyesha saa 2 na dakika 13. Nikadhani ni lori linalokuja kuchukua kabichi. Lakini lori hilo halikupita, bali lilikuwa kama limesimama chini ya kigoda changu likiunguruma, chai ikafanya viwimbi katika kikombe, bati likalia juu ya vichwa vyetu, na ukuta nilioegemea, ambao tangu jana niliuamini kama nilivyouamini mlima wenyewe, ukanisukuma mgongo taratibu mfano wa mtu anayetaka nafasi ya kupita. Wako wasemao kwamba wanyama hutangulia kulijua jambo hili. Mbwa wa pale alikuwa amelala kando ya mafiga, na akaendelea kulala.

Fahamu zilipotulia nilijikuta uani, miguu mitupu, kikombe kingali mkononi, midomo yangu ikisoma Suratul Zilzala, ambayo nilihifadhi aya zake 8 chuoni nikiwa mtoto kwa kuwa ni fupi, pasipo kuwaza hata siku moja kwamba ingenihusu kabla ya kiyama. Katika chuo hichohicho ndipo wakubwa wetu walipotusimulia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, naye achokapo huihamishia pembe ya pili. Usiku ule sikuicheka hadithi hiyo.

"Rudi ndani, mwanangu," Bibi aliniita, hali hajainuka kitini. "Baridi itakuua kabla ya hilo tetemeko."

Simu zikaanza kulia. Dar es Salaam watu walikuwa wamemiminika nje ya maghorofa; Unguja walisikia, Mombasa walisikia, hata Nairobi. Baadaye ilibainika kwamba chimbuko lake lilikuwa chini ya bahari, kusini mashariki ya Vikindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka tulipokuwa, na ukubwa wake ulikaribia 6. Wataalamu husema kwamba Afrika ya mashariki inajitenga na bara zima kwa milimita chache kila mwaka, na ufa wenyewe una matawi, mojawapo likiwa baharini. Watu wa Rukwa, waliopatwa na tetemeko kubwa mno mwezi Desemba 1910, na wa Bukoba, waliozika ndugu zao Septemba 2016, hawahitaji kufundishwa hayo. Sisi wa pwani na Morogoro ndio tuliokuwa tumejisahau.

Asubuhi Bibi alinichukua hadi ukingo wa shamba akanionyesha kovu mlimani, bonde jembamba lililoota magugu, akanieleza kwamba hapo palikuwa na mahindi yao hadi tarehe 23 Februari 1970. Siku hiyo mvua ilinyesha kiasi cha milimita 100 kwa muda usiofika saa 3, na milima ya Mgeta ikaachia maporomoko zaidi ya 1,000. Waliokuja kuyapima walikuta kwamba karibu yote yalianzia mashambani na penye nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika moja kwa mia.

"Ya jana ilitikisa vikombe," alisema. "Hii ilichukua udongo, na udongo haukurudi."

Nikamuuliza iwapo ile mipango ya Waingereza ya kuchimba matuta, ambayo Waluguru waliigomea mwaka 1955, isingewasaidia. Akacheka sana. Alikuwa binti wakati huo, na alichokumbuka ni kwamba udongo mbaya wa chini uliletwa juu, na chakula hakikuota.

Nyumba ya sahibu yangu haikupata ufa hata mmoja. Nilirudi Bagamoyo Jumapili, na tangu hapo, kila redio inapotangaza mvua kubwa Morogoro, mimi hupiga simu Nyandira. Habari za zilizala hatujazizungumza tena.