Nusu Siku Makaburini Songea

Jumamosi moja, baada ya swala ya alfajiri, tulitoka Mbinga na vijana wa madrasa kwenda Songea kuzuru Makumbusho ya Majimaji. Mwongozaji alitupokea penye sanamu za manduna, akatusimulia vita kwa ufupi, kisha akatupeleka kwenye kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mbali kidogo, peke yake, amelala Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Inaelezwa kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mtoto mmoja akanivuta kanzu. "Ustadhi, hawa wote shimo moja, nani aliwaosha?"

Nilimweleza habari za mashahidi wa Uhud: walizikwa wawili wawili bila kuoshwa, na Mtume (s.a.w.) akiuliza nani kati yao amehifadhi Qur'ani zaidi, ili atangulizwe mwanandani. Mtoto alitosheka. Mimi sikutosheka, kwani wale wa Uhud walizikwa na ndugu zao, waliowajua mmoja mmoja.

Njia nzima ya kurudi nililiwaza daftari la mazishi la msikiti wetu, ambalo mwandishi wake ni mimi. Mwaka jana tulimzika mvuvi kutoka pande za Mbamba Bay, aliyefia hapa Mbinga. Nilikuwa na haraka (udhuru wa makatibu wote), nikaandika "mgeni" tu.

Baada ya Isha nikapiga simu Mbamba Bay, kuuliza jina lake.