Data Haina Shida

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza mifumo ya Microsoft Access: vyama vya akiba na mikopo, maduka ya dawa, shule binafsi. Mteja akitaka kupandisha toleo, swali lake la kwanza ni moja siku zote: "Data zetu zitabaki salama?" Zitabaki. Faili la Access 97 liliishia gigabaiti 1, la Access 2000 likafika 2, toleo la 2007 likaja na faili la accdb, na kote huko majedwali yamevuka na majina ya wanachama na salio la kila mmoja. Kinachokwama ni fomu, ripoti, msimbo, na zile programu nyingine ambazo mfumo umezoea kuziegemea.

Chama kimoja ninachokihudumia kilimnunulia mhasibu kompyuta yenye Office mpya. Makarani wakabaki na za zamani, na wote walikuwa wakifungua faili moja la fomu lililowekwa kwenye kompyuta kuu. Asubuhi mhasibu akafungua, mambo safi. Karani wa dirishani alipofungua baada yake, mfumo ukagoma kutoa tarehe ya leo. Date, amri ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua, ikadaiwa haipo. Mmoja akasema ni kirusi, mwingine akalaumu umeme uliokatika jana yake.

Date haikuwa na kosa lolote. Mfumo ule unapeleka ripoti Excel, kwa hiyo ndani yake kuna orodha ya maktaba unazozitegemea, ya Excel ikiwemo, pamoja na toleo lake. Kompyuta mpya ikikuta maktaba ya toleo la zamani huipandisha yenyewe, kimyakimya. Ya zamani haiwezi kuishusha. Na maktaba moja ikikosekana, VBA, lugha ya msimbo wa Access, huchanganyikiwa mpaka kwenye zilizopo, hivyo lawama huangukia amri za kawaida kabisa kama Date au Left. Fungua dirisha la References utaliona neno MISSING mbele ya jina la mkosefu halisi.

Nilimpa kila mtu nakala yake ya faili la fomu, data peke yake ikabaki kwenye kompyuta kuu. Kisha nikaandika upya sehemu ya Excel ili iitwe kwa amri ya CreateObject wakati wa kazi, bila kufungwa kwenye toleo lolote.

Ugomvi wa maktaba si mpya: waliokuwapo zamani watakumbuka vurugu za Recordset, kitu ambacho msimbo hukitumia kushika rekodi za jedwali. Access 97 ilizoea maktaba ya data iitwayo DAO; faili jipya la Access 2000 likaja na nyingine, ADO, DAO ikaachwa nje mpaka uiongeze mwenyewe. Maktaba zote mbili zina Recordset, na msimbo ulionakiliwa kutoka 97 ukawa kama mgeni anayemwita Juma kwenye nyumba yenye akina Juma wawili: aliyeitika hakuwa aliyetafutwa. Kuandika DAO.Recordset kulimaliza ugomvi. Ni neno moja tu, lakini mifumo mingi iliachwa kwa sababu yake.

Siku hizi mgogoro ni wa biti 64. Tangu Office 2019, usipochagua, inayosakinishwa ni ya biti 64, na humo kila tamko la Declare linaloita Windows moja kwa moja lazima liwe na neno PtrSafe. Wapo mafundi wanaolibandika kila mahali, msimbo ukikubali wanachukua pesa na kuondoka. Huo naona ni udanganyifu. PtrSafe ni ahadi yako kwamba umekagua. Kama anwani ya kumbukumbu bado imetangazwa Long badala ya LongPtr, mfumo unaweza kuanguka siku yoyote, labda mwisho wa mwezi watu wakiwa kwenye foleni.

Mengine ni madogo. Kalenda ya mscal.ocx iliondolewa mwaka 2010, ila Access ilishakuwa na ya kwake. Access 2013 iliacha kufungua mafaili ya 97, kwa hiyo lazima yapitie toleo la kati kwanza. Ndiyo maana sijauza kompyuta yangu yenye Access 2003, ingawa nyumbani wanaiita takataka.

Lisilo na njia ya mkato ni faili lililofungwa, mde au accde. Msimbo wake wa asili umeondolewa. La biti 32 halifunguki kwenye Access ya biti 64, na kulibadilisha haiwezekani bila faili la asili. Huletwa kwangu mifumo ya namna hiyo, aliyeitengeneza hapatikani kwenye simu. Majedwali nayatoa, fomu naziunda upya, na mteja analipia mara ya pili kitu alichokwisha kununua.

Basi wewe unayelipia mfumo, usimalizie malipo kabla fundi hajakukabidhi accdb isiyofungwa pamoja na nywila yake. Na uifungue yeye akiwa bado amekaa hapo.