Tangi la Kioo Lililovuja

Tangi la samaki la darasa letu, hapa Bujumbura, lilianza kuvuja pembeni. “Linatoka jasho,” akasema mwanafunzi mmoja; sikumsahihisha. Ndani mliishi samaki wa Ziwa Tanganyika, wa aina zisizopatikana penginepo duniani, basi sikukubali shauri la kulitupa. Tuliwahamishia ndooni pamoja na maji yao. Kupaka juu juu ni kazi bure, kwani silikoni mpya haishiki vema juu ya ile kuukuu. Tulikwangua yote ya ndani kwa wembe, tukapangusa kioo kwa spiriti, tukapaka silikoni isiyotiwa dawa ya kuvu. Dawa hiyo huwadhuru samaki. Darasa likanuka siki. Siku ya tatu tulilijaza, tukapitisha karatasi kavu pembeni. Haikulowa.