Pikapu, Masika na Shamba la Mama

Mimi ni mtumishi wa serikali, mkazi wa Nyamirambo mjini Kigali. Kama wengi wetu tulao mshahara, nusu ya moyo wangu iko shamba, kule Kamonyi, ng'ambo ya mto Nyabarongo, anakoishi mama yangu mzazi.

Kwa miaka mingi mavuno yake yalisafiri kichwani na kwa baiskeli. Ndipo mimi na kaka yangu tulipochanga fedha, tukanunua Toyota Hilux kuukuu. Tangu hapo kila msimu una safari zake. Septemba tunapeleka samadi na mbegu za maharage. Januari na Februari tunaleta mavuno. Machi ni mbegu tena. Kiangazi kiingiapo, tunabeba mchanga na mabati ya kukarabati ghala na banda la ng'ombe.

Shemeji yangu, ambaye ni askari polisi, alinionya mapema: "Shemeji, gari lina nguvu, lakini kilima kina nguvu zaidi. Usipandishe watu juu ya mzigo." Nilimwitikia kwa adabu, nisiyatie maanani maneno yake.

Siku moja ya Machi nilipakia magunia 20 ya samadi. Hesabu yangu ilikuwa kilo 50 kwa kila gunia, yaani tani moja kamili. Nilisahau kwamba samadi ilikuwa imenyeshewa, na samadi mbichi ni nzito kuliko kavu. Juu yake wakakaa vibarua wawili. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na njia ya udongo mwekundu iliteleza kama sabuni. Katika mteremko nilikanyaga breki kwa ghafla. Magurudumu yakajifunga, gari likateleza kiubavu hadi mtaroni. Kibarua mmoja, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, alivunjika mkono.

Nililipia matibabu yake, na ujira wake wa siku zote alizokaa bila kazi. Hata hivyo, jembe lake lilisimama msimu mzima. Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, samadi ingeweza kungoja kesho." Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara ya gari.

Sasa nina sharti zangu. Mzigo mzito naugawa katika safari mbili. Mteremko nauanza kwa gia ndogo, ili injini isaidie breki. Matairi nayakagua kabla ya masika. Njia ikilowa, nangoja ikauke. Watu hukaa ndani. Wasipoenea, hutembea au husubiri.

Yule kijana amepona na analima tena. Tukutanapo hunisalimu kwa uchangamfu, nami huutazama mkono wake kwanza. Enyi wenzangu mnaokwenda mashambani siku za likizo, gari ni mtumishi mwema. Lakini anayejibu kwa makosa yake ni yule aliyeshika usukani.