Kipimo cha Akili



Mwaka 2009 nilipomwambia baba ya kuwa nataka kusoma saikolojia, alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: «Ni kazi ya kuponya wenye wazimu?» Nikajibu kwamba ni elimu ya nafsi ya mtu na matendo yake. Akasema: «Nafsi ni kazi ya Padri.» Hata hivyo alilipa karo, na mama akaongeza faida aliyoipata kwa kuuza sambaza katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Tulikuwa watoto sita, na fedha haikututosha sote.

Chuo kikuu chetu kilikuwa kidogo. Darasani tulikuwa 14. Maktaba ilikuwa chumba kimoja, na kitabu tulichokihitaji kuliko vyote kilikuwa na nakala moja, tena imepungukiwa kurasa za mwisho. Maprofesa wengi walikuwa wamesoma Kisangani, ambako masomo ya saikolojia yalikusanywa mwaka 1971, serikali ilipounganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja. Walikuja kwa ndege, wakafundisha majuma mawili tangu asubuhi hata jioni, wakatutahini, wakaenda zao. Sisemi haya kwa kulalamika. Mahali padogo mwalimu hujua jina lako, wala kosa lako halimpiti.

Kosa langu nililifanya nyumbani. Katika mwaka wa tatu tulifundishwa vipimo vya akili. Kimojawapo ni kile cha Mwingereza Raven, cha mwaka 1938: mtoto huonyeshwa mchoro wenye pengo, naye achague kipande cha kuliziba. Niliazima karatasi zile, nikamketisha mdogo wangu, mwenye miaka 10, jioni moja alipotoka kuchota maji. Taa ilikuwa hafifu, nami nilimhimiza mno. Akapata alama chache. Wakati wa chakula nikatangaza mbele ya jamaa yote, kwanza kwa Kifaransa ili nionekane msomi, ya kwamba akili yake ni ndogo.

Baba alikuwa akitafuta siku nyingi ni mtoto gani amtoe shuleni. Juma lililofuata mdogo wangu alikuwa akibeba matofali pamoja na mjomba.

Mwezi mmoja baadaye profesa mmoja mzee alitufundisha asili ya vipimo hivyo. Mwaka 1905, huko Paris, Binet na Simon walitunga chao ili kuwatambua watoto waliohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Na mwaka 1909 Binet mwenyewe aliwakanusha wale waliodai kwamba akili ya mtoto haiwezi kuongezeka. Kisha akatusimulia habari za Ombredane. Yeye na wenzake waliwapa watu wa kabila la Asalampasu, huko Kasai, picha za Raven, wakazirudia. Taarifa yao ilitoka mwaka 1956. Kwa kurudia, alama zilipanda. Je, akili za watu wale zilikuwa zimekua kwa muda mfupi hivyo? Walikuwa wameizoea kazi tu.

Masikio yaliniwaka. Baada ya somo nilimfuata profesa, nikamweleza yote. Aliniuliza jambo moja: «Baba yako umekwisha kumwambia?»

Sikuwa nimemwambia, na nilichelewa zaidi kwa aibu. Kwanza nilimpima mdogo wangu tena, Jumamosi tatu, asubuhi, ameshiba, nami nikimweleza pole pole kazi yenyewe. Alama zake zikapanda kila mara. Ndipo nikaenda kwa baba.

«Basi karatasi zako zilisema uwongo?»

«Hapana, baba. Mimi ndiye niliyezisoma vibaya.»

«Na karo yake atalipa nani?»

Hapo sikuwa na jibu la kitabuni. Nilisimamisha masomo mwaka mmoja, nikafundisha katika shule ya msingi ya misioni, na mshahara wangu mdogo ukamrudisha darasani mwezi wa Septemba. Wenzake walikuwa wamemtangulia darasa moja, nami wenzangu wakanitangulia vile vile.

Leo yeye ni seremala mwenye diploma, na mbao huzipima vizuri kuliko nilivyompima. Tumepatana zamani. Lakini nikimwomba anihesabie fedha za sokoni, huniuliza kwanza kama ni mtihani.