Machi ya Ndaye Mulamba

Mjukuu wangu, Kombe la Afrika la mwaka 1974, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, sisi wa Goma tulilishangilia kwa masikio. Mji ulikuwa mdogo bado, nyumba za mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na mvua za Machi zilipokatika, ardhi ilitoa mvuke uliochanganyika na moshi wa makaa na harufu ya sombe jikoni. Zaire moja, sarafu yetu, ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Kwa likuta moja, sehemu ya mia ya zaire, mama wa njiani alikufungia karanga za kujaza kiganja. Lakini Novemba iliyotangulia Rais Mobutu alikuwa ameamuru maduka ya wageni wapewe wananchi, na mawe ya redio yakaanza kuwa adimu. Fundi cherehani wa mtaa wetu, mzee mrefu mwenye makovu ya ndui shavuni, aliyaanika yake juani asubuhi ili yapate nguvu ya jioni. Ndiyo maana mtaa mzima ulihamia kibarazani kwake.

Redio ya taifa, Sauti ya Zaire, ilitangaza kwa Kifaransa, na karani mmoja mwenye shati jeupe alitutafsiria kwa Kiswahili, akichelewa kidogo, kiasi kwamba wazee walimsoma uso kabla hajafungua kinywa. Tulianza kwa kuifunga Guinea, kisha ndugu zetu wa Brazzaville wakatufunga, tukaja kupumua kwa mabao manne dhidi ya Mauritius. Halafu, tarehe 9 Machi, nusu fainali, tukakutana na Misri yenyewe, nyumbani kwake Cairo. Misri ikaongoza mbili kwa bila. Karani akanyamaza, na wengine wakaanza kuvaa viatu waende zao. Mara mshambuliaji wetu Ndaye Mulamba akarudisha moja, nahodha Kidumu Mantantu akasawazisha, Ndaye akaongeza la tatu. Yule fundi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alimkumbatia mtu aliyekuwa akimdai pesa.

Fainali na Zambia, tarehe 12, ilitutesa hadi dakika za nyongeza. Ndaye alifunga la pili tukadhani yamekwisha, Zambia wakasawazisha pumzi ya mwisho. Mbili kwa mbili. Siku zile fainali haikuamuliwa kwa penalti. Ilirudiwa baada ya siku mbili. Tarehe 14 uwanja wa Cairo ulikuwa na watazamaji wachache mno, lakini kwetu hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu: watoto juu ya ukuta, akina mama na vikapu vyao vya sokoni, askari mmoja aliyesahau zamu. Ndaye akafunga moja kabla ya mapumziko, na jingine baadaye. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa usiku ule bila mtu kuuliza nani analipa.

Nakueleza haya kwa sababu dunia imeamua kuukumbuka mwaka ule kwa mambo ya Juni. Ni kweli, tulikwenda Ujerumani tukiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, Yugoslavia ikatufunga tisa, na Ndaye akatolewa uwanjani kwa kosa la mwenzake. Filamu zake zipo, watu huzitazama na kucheka. Ya Machi hayana filamu nyingi. Yamebaki kwetu tuliosikiliza, nasi tunapungua. Ndaye mwenyewe alifia Afrika Kusini mwaka 2019, na kombe lile halijarudi nchini hadi leo. Basi wenzako wakikutajia tisa ya Yugoslavia, wajibu kwa tisa nyingine: mabao ambayo mtu mmoja, mzaliwa wa Kasai, aliyafunga katika Kombe la Afrika moja, na tangu siku ile hakuna aliyeifikia hesabu yake. Watajie jina lake kamili, na la Kidumu, na la kocha Vidinić. Aibu ya nchi ina wasimulizi wengi. Fahari yake inahitaji wewe.