Gari lililokuwa likimtafuta marehemu kila asubuhi

ZAMANI mtu akienda kutazama gari la kununua, maswali yake yalikuwa machache. Alifungua boneti, akachungulia oili, akapiga magurudumu teke mbili tatu, kisha akauliza bei. Siku hizi mambo yamegeuka. Mnunuzi huingia ndani kwanza, akabonyeza kioo cha redio, na swali lake la kwanza ni moja: je, hii inashika simu?

Si swali la kuchekwa, msomaji. Magari mengi tunayonunua hapa Kenya yalitumika kwanza Japani, na sheria yetu inakataza kuingiza gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane. Gari hilo huteremka Mombasa likiwa na redio iliyotengenezewa watu wa huko. Maandishi yake ni ya Kijapani, na masafa yake ya FM kwa kawaida huanzia 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana unaweza kununua gari zuri, ukalipeleka nyumbani kwa shangwe, kisha ukakuta linashika vituo viwili tu na vingine vyote ni mngurumo. Kuna kifaa kidogo ambacho mafundi hukifunga kwenye waya wa eriali ili kuyashusha masafa yetu yaingie humo. Lakini wengi huona heri waunganishe simu, wasikilize wanachotaka na kupokea simu bila kuishika mkononi.

Nimelitia jambo hili maanani kwa sababu ya shemeji yangu, mke wa marehemu ndugu yangu mdogo.

Ndugu yangu alitutoka mwaka wa 2022. Aliacha mjane, watoto watatu na stesheni wagoni nyeupe aliyokuwa ameinunua kwa jasho lake. Shemeji hakuwa amewahi kushika usukani. Matanga yalipokwisha na watu kwenda zao, alijiandikisha katika shule ya udereva, akapata leseni, akaanza biashara ya mitumba. Alfajiri huwa Gikomba akichagua nguo, na jua linapochomoza yuko kwenye barabara kuu ya Thika akirudi kwenye kibanda chake. Njiani wateja hawamwachi. Huyu anauliza kama sweta za watoto zimepatikana, yule anataka kuwekewa mashuka. Simu ilikuwa ikikaa mapajani, na kila ilipolia aliinama kuitazama.

Aliyenijulisha haya ni kitindamimba wao, msichana wa miaka tisa. Nilikuwa nimewatembelea Jumapili moja, akanifuata nje nikinawa mikono, akaninong'oneza: "Baba mkubwa, mama huongea na simu akiendesha gari. Mimi huogopa."

Mtoto ambaye tayari amemzika mzazi mmoja akikuambia anaogopa, huna budi kuamka. Jumamosi iliyofuata nilimwambia shemeji twende kwa fundi wa redio za magari aliye karibu nao, tukaiunganishe simu yake.

Fundi alikuwa kijana mpole wa umri wa mwanangu. Aliingia, akawasha redio, akaiambia simu ya shemeji itafute gari. Simu ililiona gari. Gari lilikataa. Akajaribu tena, likakataa tena, na kila mara maandishi ya Kijapani yalijitokeza kwenye kioo na kutoweka. Ndipo kijana alipotoa simu yake mwenyewe, akafungua ile programu ya kutafsiri inayotumia kamera, akaielekeza kwenye kioo. Maneno yakageuka. Gari lilikuwa likisema kwamba orodha imejaa, kwa hivyo simu moja ifutwe kwanza.

Huo ni ugonjwa wa kawaida, msomaji. Redio ya gari hukumbuka simu chache tu. Hiyo ya shemeji ilikuwa na nafasi tano, na zikishajaa haikubali mgeni.

Tukaifungua orodha. Majina mawili yalikuwa ya Kijapani, bila shaka ya watu walioliendesha gari hilo kabla ya kuvuka bahari. La tatu lilikuwa la simu ya kijana wao mkubwa, iliyokwisha kuharibika kwa maji. La nne hakuna aliyelijua. La kwanza kabisa, juu ya yote, lilikuwa limeandikwa: BABA WATOTO.

Ndugu yangu ndiye aliyekuwa ameipa simu yake jina hilo.

"Hii ni kazi ndogo, mzee," fundi aliniambia. "Nafuta zote, tunaanza upya." Akanyosha kidole.

Shemeji alimshika mkono.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha akasema, bila kututazama: "Hilo liache. Kila asubuhi nikiwasha gari, jina hilo hutokea kwanza. Gari humtafuta, likamkosa, ndipo redio ikaanza. Nyumbani hakuna mwingine anayeuliza yuko wapi."

Nilikuwa nimepanda gari lile mara nyingi tangu mazishi na sikuwa nimewahi kuyatambua maandishi yale. Kumbe kwa muda wote huo, kabla ya kwenda Gikomba gizani, mjane wa ndugu yangu alikuwa akikaa kimya kwa nukta chache akilisubiri gari limalize kumtafuta mumewe.

Wako watu ambao wangemkemea. Wangemwambia yaliyopita si ndwele, agange yajayo. Yule kijana hakumkemea. Alirudisha mkono wake, akafikiri kidogo, akasema: "Mama, hatuna haja ya kulifuta. Tutalisogeza."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alifuta yale majina mawili ya Kijapani, akafuta na lile lisilojulikana. Nafasi zikapatikana. Aliiunganisha simu ya shemeji, kisha akaingia mahali pa kuchagua simu itakayotafutwa kwanza, akaiweka ya shemeji juu. BABA WATOTO likashuka hadi nafasi ya pili. Gari sasa likiwashwa humtafuta mwenye kuliendesha, naye hupatikana.

Kwa faida ya wasomaji, nitaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, maana si lazima kila mtu amlipe fundi.

Kwanza, simamisha gari na uvute breki ya mkono. Redio nyingi hazikubali kuunganisha simu mpya gari likiwa linakwenda, na zina haki. Fungua Bluetooth katika mipangilio ya simu, na uuache ukurasa huo wazi ili simu iweze kuonekana. Jina hilo la Bluetooth, ikiwa hukujua, ni la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, aliyesifika kwa kuwaunganisha watu wa nchi yake. Kampuni kadhaa zilizoungana mwaka wa 1998 ndizo zilizouzindua mtambo huu kwa jina lake. Ni mawimbi ya redio yanayofika mbali kiasi cha mita kumi hivi, kwa hivyo hauhitaji waya wala intaneti.

Kwenye gari, tafuta alama ya simu, kisha mahali pa kuongeza simu mpya. Majina yakionekana pande zote mbili, nambari ya tarakimu sita hujitokeza kwenye simu na kwenye kioo cha gari. Hakikisha zinafanana kabla ya kukubali. Redio za zamani huomba nambari ya siri badala yake, na mara nyingi huwa ni 0000 au 1234. Mwishowe simu itakuuliza kama unaruhusu gari lisome majina na nambari ulizohifadhi. Ukikataa, utapokea simu bila kuona jina la anayepiga.

Sasa matatizo. Simu ikiwa iliwahi kuunganishwa na ghafla imekataa, usihangaike kubonyeza ovyo. Lifute gari kwenye simu, uifute simu hiyo kwenye gari, uzime vyote viwili, uviwashe, uanze upya. Kufuta upande mmoja tu hakusaidii, kwani upande wa pili hubaki ukikumbuka makubaliano ambayo mwenzake amekwisha kuyasahau.

Ikiwa unapokea simu vizuri lakini muziki hausikiki, tambua kwamba mazungumzo na muziki hupita njia mbili tofauti. Kwenye simu, gusa jina la gari na utazame kama pande zote mbili zimeruhusiwa. Ikiwa sauti ni hafifu hata ukiongeza ya redio, iongeze ya simu pia. Ikiwa gari limeshika simu nyingine, angalia nani mwingine yumo ndani, maana huenda ni simu ya mtoto kwenye kiti cha nyuma. Na ikiwa simu yako inapotea kila baada ya dakika chache, tazama kama umeiweka katika hali ya kubana matumizi ya betri.

Wanaotumia waya wa USB wana shida yao. Waya wa kawaida wa aina hiyo una nyuzi mbili za kupitisha umeme na nyingine za kupitisha habari. Baadhi ya waya za bei rahisi zina zile za umeme peke yake. Simu itajaa chaji vizuri, lakini gari halitaitambua kamwe. Kabla ya kulaumu redio, azima waya mwingine.

Kuna pia wanaoona kwenye magari ya wenzao ramani na programu za simu zikijitokeza kwenye kioo, wakadhani simu zao ni mbovu. Hiyo ni CarPlay ya simu za iPhone, iliyotangazwa mwaka wa 2014, na Android Auto iliyoanza kutumika mwaka wa 2015. Gari lenyewe lazima liwe limetengenezewa mambo hayo. Ikiwa redio yako haina, hakuna kubonyeza kutakakoileta, ila kubadilisha redio au kuiongezea kifaa. Na ukienda kwa fundi, mwonye asiichomoe betri kiholela, kwa sababu baadhi ya redio za Kijapani hujifunga umeme ukikatika na kudai nambari ya siri ambayo huna.

Hata hivyo, kuunganisha simu si ruhusa ya kupiga soga njia nzima. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Lakini faini si kitu ukiilinganisha na jeneza. Mikono inaweza kuwa kwenye usukani na akili ikawa kibandani ikihesabu mashuka. Shemeji sasa hujibu kwa maneno matatu, "Niko njiani, nitakupigia," basi. Tena kumbuka kwamba sauti ya anayekupigia itajaza gari zima. Kama ni daktari, mdai au mtu mwenye siri, abiria wote watamsikia. Mwambie mapema kwamba hauko peke yako.

Neno jingine ni kwa wanaouza magari. Wajapani wale wawili waliuza gari na kuyaacha majina ya simu zao humo, yakasafiri hadi Juja. Redio nyingine huhifadhi hata nambari za jamaa zako na orodha ya uliowapigia. Kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo, futa kila kilicho chako.

Lakini kwa walioachiwa gari na mpendwa aliyefariki, ushauri wangu ni tofauti kidogo. Msiharakishwe. Siku hizi marehemu hawaachi nguo na picha ukutani pekee. Huacha majina yao katika simu zetu, sauti zao katika jumbe za zamani, na alama zao katika mitambo tunayoitumia kila siku bila kufikiri. Jamaa watakuja na nia njema kusafisha kila kitu kwa siku moja, kama tulivyozoea kugawa nguo za marehemu. Kabla hawajabonyeza, mwulizeni mjane. Mwulizeni mzazi. Nafasi ikiwa ni tano na wanaoihitaji ni wawili, marehemu haziti njia ya mtu.

Juzi nilimwuliza yule binti mdogo kama bado huogopa akipanda gari na mama yake. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba siku hizi simu ikilia jina hujiandika kwenye kioo, naye ndiye humsomea mama kwa sauti, ili macho yasitoke barabarani. Kisha akaongeza kwamba jina la baba bado lipo pale, la pili, na kwamba yeye hulitazama wanaposimama kwenye taa.